Mama Kitanda, Mkunga Aliyepiga Magoti

Jina lake kamili, lile la kwenye cheti, mnaliona kwenye jalada la karatasi mliyoshika. Humu ndani ataitwa kama mlivyomwita wenyewe kwa zaidi ya miaka arobaini: Mama Kitanda. Wageni waliotoka mbali huenda wakashangaa familia kukubali jina la utani lisomwe kando ya jeneza. Wasishangae. Mwenyewe aliagiza hivyo, akasema lile lingine liliwahi kutumika kwenye barua za serikali tu, na barua za serikali hazikumletea heri. Anayesoma ni mdogo wake wa mwisho. Marehemu alimwandikia mdogo wake huyo barua kila mwezi tangu alipofika kijiji hiki, na mengi ya humu yametoka kwenye barua hizo. Mengine yametoka kwa mumewe. Yale ambayo mumewe alikataza yasisomwe yatasomwa pia, ila haraka haraka.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1950, mtoto wa pili kati ya watoto wanne, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha mwisho upande wa karakana. Baba yake alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la mizigo, na mama yake alishona sare za shule. Alipokuwa na umri wa miaka minane, mama alishikwa na uchungu wa mtoto wa nne, naye akatumwa kumwita mkunga wa mtaa. Alimleta mkunga, akafungiwa mlango, akazunguka nyuma ya nyumba, akapanda juu ya ndoo na kuchungulia dirishani. Mkunga alipomwona hakumfukuza. Alisema, "Kama una macho, basi na mikono unayo. Lete maji." Akaleta. Mtoto aliyezaliwa saa ile ndiye anayewasomea sasa. Marehemu alipenda kuwaambia watu kwamba tangu siku alipomwona mdogo wake akitoka, hakuna sura iliyowahi kumtisha tena.

Alisoma shule ya msingi ya reli kuanzia mwaka 1958 hadi 1964, kisha shule ya sekondari ya wasichana ya bweni hadi 1968. Hakuwa wa kwanza darasani, wala hakuwa wa mwisho. Walimu waliandika kwenye ripoti zake kwamba ni msichana mwenye bidii na mbishi, na mwalimu mmoja wa hesabu aliandika "mbishi" peke yake. Januari 1969 aliingia chuo cha uuguzi na ukunga kwenye hospitali kuu, akahitimu mwaka 1972, akabaki pale pale akifanya kazi katika wodi ya wazazi.

Ni vizuri kuieleza wodi hiyo, kwa kuwa alikuja nayo hapa kichwani. Ilikuwa na vitanda kumi na viwili vya chuma, sita huku na sita kule, vyote vimepakwa rangi nyeupe, vyote virefu kiasi kwamba mama mfupi aliwekewa kigoda apandie. Kila kitanda kilikuwa na vyuma viwili vya kuwekea miguu. Mama alilala chali, akatazama dari, akafanya aliyoambiwa. Mkuu wa wodi alipita asubuhi akikagua shuka, na ole wake aliyekutwa na mkunjo. Dada alijifunza mengi mema katika wodi ile: kunawa, kuchemsha vyombo, kusikiliza moyo wa mtoto, kuzuia damu. Alijifunza pia kwamba pasipo kitanda kile hakuna ukunga, kuna ushenzi. Neno hilo ni lake, lipo kwenye barua ya mwaka 1975, na baadaye alilionea haya sana.

Mwaka 1976 serikali ilitafuta wakunga wa kwenda vijijini. Aliomba mwenyewe. Kaka yake mkubwa alimuuliza kama amerogwa au amekosana na mtu. Akajibu kwamba mjini wakunga wanakanyagana, na kuna mahali wanawake wanajifungua bila hata mwenye mkasi safi. Alifika hapa tarehe 3 Februari 1977, juu ya lori la saruji, akiwa amekalia sanduku lake na kukumbatia kitanda kimoja cha chuma. Alikuwa amekiomba kwa mkuu wa wodi kwa muda wa miezi mitano, mpaka yule mama akampa ili apate kupumzika. Watoto walilikimbilia lori, wazee wakasogea, na wanaume wanne wakakishusha kile kitanda na kukiingiza zahanati. Mlango ulikuwa mwembamba, ikabidi fremu ing'olewe. Kijiji kizima kilisimama kutazama. Ndipo mtu mmoja akasema, na hajajulikana mpaka leo, "Huyu ni Sista Kitanda." Jina likakaa.

Zahanati ilikuwa vyumba viwili na stoo. Alipaka chokaa kuta zote kwa mkono wake, akatandika kitanda shuka nyeupe iliyopigwa pasi, akafungua mlango, akasubiri. Alisubiri karibu mwaka mzima. Katika mwaka huo walijifungua kwake wanawake watatu tu: mke wa mwalimu mkuu, kwa sababu mumewe alimwamuru, msafiri mmoja aliyeshikwa na uchungu njiani, ambaye hakumjua mtu mwingine, na mama mmoja aliyezimia kisimani na kubebwa hadi zahanati, ambaye alipozinduka aliuliza nani amemleta pale. Wengine wote walipita mbele ya mlango wake, wakamsalimu vizuri, "Habari za kazi, Sista?" wakavuka kijito na kwenda kwa Bibi Taratibu.

Wazee waliopo wanamkumbuka Bibi Taratibu. Vijana waambiwe kwamba alikuwa mkunga wa kijiji kwa zaidi ya miaka arobaini, mwanamke mdogo wa umbo, sikio moja halisikii vizuri, na neno lake kwa kila mwenye uchungu lilikuwa "taratibu, mama, taratibu". Hakusoma hata siku moja. Mikono yake ilikuwa imewapokea nusu ya watu wa hapa.

Waliothubutu kuingia zahanati walikiona kitanda na kukumbuka shughuli nyumbani. "Sista, natoka nje kidogo." Kutoka huko hakukuwa na kurudi. Mwezi Agosti 1977 fundi cherehani wa sokoni aliingia akiwa kwenye uchungu kweli kweli, akaambiwa apande, akasema sawa, Sista ageuke kidogo avue nguo. Sista akageuka. Alipogeuka tena, dirisha lilikuwa wazi na chini yake kuna jozi ya kandambili. Mama wa watu na tumbo la miezi tisa, na dirisha lile lilimfika kifuani! Mpaka leo hajaeleza alipitaje. Amekaa pale mbele, tukimaliza mtamuuliza.

Asubuhi iliyofuata Sista alizichukua zile kandambili, akavuka kijito kwa hasira, akamkuta fundi cherehani amekaa mkekani, mtoto yuko titini, na Bibi Taratibu anakunywa chai.

"Shikamoo, bibi," alisema, maana hasira haimwondolei mtu adabu.

"Marahaba, mwanangu. Karibu chai."

"Sijaja kunywa chai. Nimeleta viatu. Na nimekuja kuuliza kitanda changu kimewakosea nini."

Bibi Taratibu aligeuza lile sikio zima upande wake. "Kitanda? Hakijakosa kitu. Kizuri. Sisi huku mtu akilazwa chali juu namna ile, kafunikwa nyeupe, tunajua anasubiri kaburi. Halafu, mwanangu, mtoto anashuka. Hapandi. Wewe mama ana mzigo, unampandisha mlima, ukifika juu unamwambia lala."

Fundi cherehani akacheka, akasema tumbo linamuuma, akaendelea kucheka. Sista aliweka viatu chini na kuondoka bila kunywa chai. Katika barua ya mwezi huo aliandika: "Nimefundishwa kazi na kikongwe asiyejua hata kuandika jina lake. Nitakaza uzi mpaka waje." Na kweli alikaza. Hakuwa mtu wa kushuka haraka, marehemu. Tumwombee, lakini tusiongope.

Sehemu inayofuata ni ngumu. Familia ilifikiria kuiacha, lakini mwenyewe aliisimulia kwa kila mkunga aliyemfundisha, kwa hiyo itasomwa. Tarehe 21 Novemba 1977, mchana, mvua ikinyesha, mke wa mpasua mawe alifika zahanati akiwa na uchungu. Ilikuwa mimba yake ya kwanza na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Bibi Taratibu mwenyewe ndiye aliyemtuma, akamwambia, "Hili ni la Sista, lina mkasi ndani yake, nenda." Yule mama alifika, akaona kitanda, akaona vyuma vya miguu, akaomba apige magoti chini. Sista alimwambia, "Hapa si porini. Panda." Mama akasema anatoka nje kidogo. Akatoka, akashika njia ya kurudi kijitoni katika mvua ile, na akajifungulia kwenye mtaro kando ya barabara, peke yake. Mama alipona. Mtoto, wa kiume, hakupona.

"Mtoto yule hakuuawa na mvua," aliandika. "Nilimuua mimi kwa kutaka kutii shuka." Barua hiyo ina mistari sita tu, na mstari wa mwisho unasema atarudi nyumbani mwisho wa mwezi.

Hakurudi. Siku ya tatu alivuka tena kijito, akamkuta Bibi Taratibu anachambua kunde, akakaa chini, na safari hii chai akainywa. Akamaliza kikombe. Kisha akasema, "Bibi, nifundishe."

"Nikufundishe nini, na wewe umesoma?"

"Nifundishe kukaa chini."

Bibi Taratibu alifikiri kidogo, akasema, "Na mimi nifundishe ile sindano ya kuzuia damu. Wanawake wanne wamenifia mkononi kwa damu, nawajua kwa majina, nawaota." Walikubaliana hapo hapo, bila karatasi. Baada ya chai walikwenda pamoja kwa mpasua mawe kuomba msamaha. Mpasua mawe alitoka nje na nyundo mkononi, akamtazama Sista, akaiweka chini. Mkewe aliwageuzia mgongo. Marehemu alisema angependa zaidi kupigwa ile nyundo.

Wiki hiyo wanaume wale wale wanne waliitwa, wakang'oa fremu ya mlango tena, wakakitoa kitanda nje, wakakiweka chini ya upenu. Ndani ya chumba ikatandikwa turubai nene iliyochemshwa, juu yake mikeka safi. Seremala wa kijiji akaletwa apigilie ukutani ubao imara wa kushikilia, urefu wa kiuno cha mtu aliyepiga magoti. Bibi Taratibu akakaa nyuma ya mama, anamsugua mgongo na kumwambia taratibu. Sista akapiga magoti mbele, glavu mkononi, vyombo vimechemshwa, sindano tayari pembeni. Hakuacha hata kimoja cha alivyosomea, isipokuwa urefu. Mwanzoni magoti yalimwuma hadi akawa anatembea kama bata, na watoto wakamwiga. Mwaka 1978 walijifungua pale akina mama arobaini na mmoja. Mwaka 1979 hadi kufika mwezi Julai walikuwa wameshafika sitini, na hakuna hata mmoja aliyefia mikononi mwao kwa damu.

Mwezi huo huo wa Julai afisa wa afya alikuja kukagua, kwa pikipiki, kwa ghafla kama wakaguzi wajavyo. Alikikuta kitanda cha serikali chini ya upenu kimeanikwa nguo, na katikati yake kuku ameatamia mayai. Akaingia ndani akakuta mama amepiga magoti na kikongwe kiziwi nyuma yake. Hakuuliza swali. Aliandika. Barua ikafika tarehe 12 Septemba 1979: mkunga anazalishia akina mama sakafuni, anashirikiana na mtu asiye na cheti, na kifaa cha serikali amekigeuza kiota. Ahame. Aripoti hospitali ya wilaya ifikapo tarehe 1 Oktoba, na zahanati ifungwe mpaka apatikane mtu mwenye nidhamu. Ingefungwa kwa mwaka, pengine miwili. Kila mtu alijua maana yake: sindano ile isingekuwepo tena.

Aliandika barua tatu za kujitetea na hakuna iliyojibiwa. Hakumwambia mtu. Lakini kijiji ni kijiji, na Bibi Taratibu sikio lake zima lilikuwa zima kweli. Tarehe 24 Septemba Sista aliondoka alfajiri kwenda ofisi ya wilaya kuomba kwa mdomo. Alipofika saa nne asubuhi alikuta ukumbi wa ofisi umejaa. Wanawake kumi na mmoja, wote wajawazito, wamekaa sakafuni wamenyoosha miguu, wamepanda lori la matofali tangu usiku wa manane bila mtu kumwaga siri. Karani hakuweza kuvuka kwenda kwenye kabati lake. Wa mbele kabisa alikuwa mke wa mpasua mawe, tumbo mwezi wa tisa, ambaye kwa karibu miaka miwili alikuwa hajamsemesha Sista zaidi ya salamu.

Afisa alitoka. "Mama zangu, mnataka nini?"

"Tunasubiri mkunga wetu," alisema mke wa mpasua mawe. "Tumesikia mnamleta huku. Basi na sisi tumekuja huku."

"Huwezi kuzalia sakafuni, mama. Kitanda mlipewa."

"Bwana mkubwa, kitanda kile kilinitoa mbio nikamzika mwanangu. Dada huyu alikosa. Akaja nyumbani kwangu akasema amekosa. Wewe umeshawahi kuona mtu wa serikali anakuja nyumbani kusema amekosa?"

Afisa alifungua mdomo kujibu, na hapo hapo yule mama alishika mguu wa meza na kuinama. Maji yakamwagika kwenye zulia la ofisi. Wengine kumi wakasogea ukutani kwa pamoja, wenye uzoefu. Afisa akapiga kelele kwamba alazwe juu ya meza.

"Meza ni kitanda kingine," alisema Sista. Tayari alikuwa amepiga magoti na mkoba wake umefunguliwa. "Bwana afisa, lete kiti chako hapa. Mwache akishike. Wewe kikalie kisiteleze."

"Mimi?"

"Kwani karani ana uzito gani?"

Afisa alikaa juu ya kiti chake mwenyewe, amefumba macho, tai imemkaba, na mke wa mpasua mawe amekumbatia egemeo nyuma ya mgongo wake. Kwa sababu Bibi Taratibu hakuwepo, fundi cherehani, ambaye alikuwa miongoni mwa wale kumi na mmoja, alipiga magoti akasugua mgongo na kusema taratibu, mama, taratibu. Kila uchungu ulipokuja yule mama alilishika shati la afisa, na afisa, wasema, alipumua naye pumzi kwa pumzi. Saa tano na dakika ishirini alizaliwa mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Sista alilia waziwazi mbele ya ofisi yote. Mke wa mpasua mawe alimtazama, akasema, "Usilie, nipe mwanangu." Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza ya kirafiki kati yao, na hawakuacha kusemezana tena mpaka marehemu alipofariki. Mtoto yule sasa ana duka la viatu mjini, na viatu vya familia yote hii amevichagua yeye, kwa hiyo vikiwabana, malalamiko yaende kwake.

Afisa alifungua macho, akalegeza tai. Kisha akaomba faili, akaandika mbele yao: "Kitanda kipo, kiko salama. Mkunga asihamishwe." Mwaka uliofuata alileta mwenyewe turubai mbili mpya na cheti cha heshima cha Bibi Taratibu, ambaye alikifungia kwenye kanga na kukionyesha kwa watu kila waliposema wana haraka.

Ndoa sasa, na hapa ndipo patakaposomwa haraka. Seremala aliyepigilia ule ubao alikuwa mtu mpole, aliyefiwa na mke, bila watoto, na fundi hodari. Lakini kwa ajabu, ubao huo peke yake ndio uliokuwa ukilegea. Kila Ijumaa alikuja kukaza skrubu. Alikaza kwa mwaka mmoja na nusu. Bibi Taratibu ndiye aliyechoka. "Wewe bwana," alimwambia, "huo ubao ukiendelea kuukaza utatokea upande wa pili. Sema neno lako tusikie." Akasema. Walifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1982, na Sista Kitanda akawa Mama Kitanda hata kabla ya kupata mtoto. Binti yao wa kwanza alizaliwa mwaka 1984. Mama Kitanda, ambaye wakati huo alikuwa amewapigisha magoti mamia ya wanawake, uchungu ulipomkolea alipiga kelele kwamba anataka kitanda, tena sasa hivi. Bibi Taratibu akamjibu, "Kiko nje, kinakausha nepi. Taratibu, mama." Wakafuata wana wawili, mwaka 1987 na 1990. Nyumba yao waliijenga hapa, ukuta kwa ukuta na zahanati, ili mtu akibisha asipate umbali.

Bibi Taratibu alifariki mwaka 1993, na marehemu alivaa nguo nyeusi mwaka mzima. Zahanati ilikua, vikaongezwa vyumba vitatu na maji ya bomba. Aliwafundisha wakunga ishirini na sita, na kila mmoja siku ya kwanza alipewa mkeka badala ya kitabu na kuambiwa akae chini asikilize. Hakuwa malaika. Aliwagombeza waume waliochelewa kuleta wake zao hadi wengine wakawa wanatuma shemeji. Alikuwa mwepesi wa hasira, mzito wa kusahau, na hakuwahi kukubali kwamba ameshindwa karata. Alistaafu kwa cheti mwezi Juni 2010. Kwa mwili hakustaafu, aliendelea kuingia kila asubuhi "kutazama tu", na kutazama kwake kulikuwa na mikono.

Mwaka 2019 alipatwa na kiharusi, mguu wa kushoto ukalegea. Seremala alimtengenezea mkongojo, na baadaye kiti cha magurudumu mbele ya dirisha linalotazama zahanati. Alikuwa mgonjwa mbaya kuliko wote duniani. Alimhoji kila muuguzi, akapima presha yake mwenyewe, akabishana na mashine. Machi mwaka huu wa 2023 figo zilianza kuchoka. Daktari alipotaka kumpeleka hospitali kuu alisema hapana, ameshalala huko miaka minne ya ujana wake. Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 18 Aprili 2023, saa mbili na nusu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, mumewe ameshika mkono wake na bintiye anammiminia chai kikombeni. Hakuteseka.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja na wana wawili, wajukuu saba, kaka wawili na mdogo wake huyu. Ameacha shemeji na wifi wengi, wakunga ishirini na sita, rafiki yake mke wa mpasua mawe, na ninyi.

Limebaki jambo moja, ambalo halimo kwenye karatasi mliyoshika kwa sababu limetokea jana. Mwenyekiti wa kijiji alitangaza kwamba leo, kwa heshima, soko lifungwe, shule ifungwe na zahanati ifungwe. Mumewe alikwenda kwake na kumwambia kwamba soko na shule ni sawa, lakini zahanati marehemu alikataza, alisema watu wasizae kwa ratiba ya mazishi yake. Ikabidi mkunga mmoja abaki kazini. Hakuna aliyetaka. Wakunga wote sita wa hapa wamekataa, mmoja amelia, wawili wamegombana kabisa, na saa nne usiku wamepiga kura. Aliyeshindwa yuko mle ndani sasa, ng'ambo ya ukuta huu, na hayuko peke yake. Alfajiri aliingia mama mmoja, naye yuko magotini tangu saa moja. Mkunga ametuma ujumbe kwa mdogo wa marehemu, na ujumbe wenyewe ni huu: "Tumefungua dirisha. Tafadhali soma kwa sauti, na sisi tunamzika."

Ndiyo maana umesomewa kwa kelele namna hii, dada. Zamu yako imekwisha na nyingine imeshikwa. Pumzika kwa amani.